Kumpelekea Mgonjwa Komunyo Nyumbani: Kazi ya Jumuiya Kabla na Baada

Mgonjwa akishindwa kwenda kanisani, kanisa linamfuata. Jumuiya nyingi hulifanya hilo nusunusu. Komunyo inafika, wanaimba ubeti mmoja, wanatoka, na shuka iliyolowa inabaki pale pale kitandani. Anayepokelewa kwenye hosti (mkate mdogo wa Komunyo) ndiye aliyesema "nalikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama" (Mt 25:36), kwa hiyo ziara ipangwe kwa ajili ya yote mawili, Komunyo na kumhudumia mgonjwa. Maelezo haya ni kwa viongozi wa jumuiya ndogondogo na kwa familia zenye mgonjwa wa muda mrefu.

Kazi inaanzia kwenye daftari. Kila jumuiya inapokutana, katibu aulize nani yuko kitandani, kisha aandike jina, nyumba ilipo, saa ambazo mgonjwa huwa macho, kama anameza vizuri, na kama anataka kuungama. Jibu la swali hili la mwisho litoke kwa mgonjwa mwenyewe, si kwa mkwe wala kwa jirani. Orodha imfikie katekista au ofisi ya parokia siku mbili tatu kabla, kwa sababu inaamua nani atakuja. Mhudumu wa Komunyo mlei anatosha kukomunisha, ila Kitubio (maungamo) na Mpako wa Wagonjwa (kupakwa mafuta matakatifu) ni vya padre peke yake. Kama maisha ya ndoa ya mgonjwa yana utata unaogusa kukomunika kwake, msimhoji mbele ya watu. Paroko aelezwe pembeni, naye atajua la kufanya.

Mpako nao unaogopwa bila sababu. Familia hungoja hadi mgonjwa apoteze fahamu, kwa kudhani padre akionekana mlangoni watu wataanza kulia. Sakramenti hii ni ya muumini anayeanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee, na hata anayesubiri upasuaji kwa ugonjwa mzito huipokea. Hurudiwa pia, iwapo alipona kisha akaugua tena au hali imezidi kuwa mbaya. Padre akiitwa mapema, mgonjwa anaungama kwa kinywa chake na anaitikia sala mwenyewe. Akiitwa usiku wa manane mgonjwa akiwa hana fahamu, Mpako utatolewa, lakini maungamo na Komunyo huenda visiwezekane tena.

Siku moja kabla, watu wawili wapite nyumbani kuandaa. Stuli au meza ndogo inatosha: kitambaa cheupe kilichofuliwa, msalaba, mshumaa mmoja au miwili, glasi ya maji safi ya kunywa na kijiko. Kama kuna maji ya baraka, yawekwe pia. Tazameni chandarua kinakoning'inia, kikunjwe na kufungwa upande usio na mshumaa. Mgonjwa anayetumia oksijeni asiwashiwe mshumaa kabisa, wala usiwashwe katika chumba kinachopakana kama mlango uko wazi. Msalaba unatosha.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kinywa. Homa na dawa hukausha mate, na hosti hunasa juu kwenye kaakaa mgonjwa akaanza kuhangaika. Asuguliwe meno au afutwe ulimi kwa kitambaa laini chenye maji, kisha anywe kidogo dakika chache kabla. Maji na dawa havivunji mfungo wa saa moja kabla ya Komunyo, na wazee, wagonjwa pamoja na wanaowauguza wanaruhusiwa kukomunika hata kama wamekula ndani ya saa hiyo. Bibi wa kisukari asishindishwe njaa eti Komunyo inakuja.

Muulizeni anayemuuguza: akinywa maji, hukohoa? Sauti yake hubaki imejaa maji? Akijibu ndiyo, mhudumu ajulishwe kabla hajaingia. Mgonjwa aketishwe, au ainuliwe kwa mito miwili mitatu mgongoni, kidevu kikielekea kidogo kifuani. Kumlaza kichwa nyuma ndiko kunakompalia. Apewe kipande kidogo sana cha hosti kilicholoweshwa kwenye kijiko, kwani kipande ni Kristo mzima sawa na hosti nzima. Asiyeweza kitu kigumu kabisa anaweza kukomunishwa kwa umbo la divai tu, na hilo hupangwa na padre mapema. Asiyemeza chochote asilazimishwe. Asalishwe na kushikwa mkono.

Siku yenyewe, mhudumu hubeba Ekaristi katika kichombo chake kidogo, kikiwa kwenye mfuko uliofungwa shingoni, na huenda moja kwa moja. Hapitii sokoni, hajibu simu, wala halali nacho nyumbani kwake ili aende kesho. Hapo nyumbani televisheni izimwe. Adhimisho ni fupi: salamu ya amani kwa nyumba, toba, somo fupi, Baba Yetu, kisha "Ee Bwana, sistahili uingie kwangu", Komunyo, kimya kidogo, sala ya mwisho. Robo saa inatosha, na kwa aliyechoka sana dakika saba zinatosha. Mwimbishaji asigeuze chumba cha mgonjwa kuwa kigango (kanisa dogo la parokia). Wenye nyumba ambao si Wakatoliki, wakiwamo Waislamu, waombwe ruhusa kwa adabu na wakaribishwe kuketi wakipenda. Hapo si mahali pa mahubiri ya kuwavuta. Hosti ikianguka, mhudumu aiokote na kuila. Ikiwa haiwezi kulika, aitie kwenye maji na kuirudisha kanisani ashughulikie padre.

Mhudumu akiondoka, wawili wa jumuiya wabaki, mwanamke kwa mgonjwa mwanamke. Wanawe mikono kwa sabuni, wavae glavu, wamgeuze na kumtazama visigino, nyonga, viwiko na mfupa wa chini ya mgongo. Ngozi iliyobadilika rangi, na isiyopauka inapobonyezwa, ni mwanzo wa kidonda cha kulala. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo paguseni: pakiwa na joto au pagumu kuliko pembeni, hapo pameanza. Msipasugue kwa mafuta, kwa sababu kusugua huzidi kuharibu nyama ya chini. Mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili kwa kunyanyuliwa, si kuburutwa juu ya shuka. Mto uwekwe chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee. Ile pete ya kanga iliyoviringishwa, ambayo watu hupenda kumkalisha mgonjwa juu yake, iondolewe: inabana damu kuzunguka pale pale panapotaka kulindwa. Kidonda kikishafunguka au kutoa harufu, ni kazi ya mhudumu wa afya.

Halafu mtazameni anayeuguza. Mara nyingi ni binti mmoja au mke ambaye hajalala usiku mzima tangu ugonjwa uanze, na wageni humwongezea kazi ya kupika chai. Njooni na chai yenu. Zaidi ya hapo, pangeni zamu ya saa tatu mara mbili kwa wiki, siku zilezile, ili aweze kulala, kwenda sokoni au kwenda Misa. Ahadi ya "tuite ukihitaji" haimsaidii, kwa sababu ataona haya kuita. Siku iliyotajwa kwa jina haimpi kazi ya kuomba.

Michango ihesabiwe na watu wawili, iandikwe, ikabidhiwe kwenye bahasha bila hotuba. Picha za mgonjwa zisipelekwe kwenye kundi la WhatsApp, hata kwa lengo la kuombea.

Namba ya simu ya parokia ibandikwe nyuma ya mlango wa chumba. Mgonjwa akiingia kwenye hatari ya kufa, padre aitwe hata kama Komunyo ililetwa asubuhi ile ile. Aliye katika hali hiyo anahimizwa kukomunika tena siku hiyo hiyo.