Kuchagua fonti ya kadi ya mchango isije ikasomeka kama tanzia

Juzi nilikaa na kijana anayeanza kazi za stesheneri. Kapewa kadi ya mchango wa harusi aitengeneze, na kila anayeiona anauliza nani amefariki. Maneno hayana kosa. Tatizo ni fonti, yaani mtindo wa herufi: Times New Roman, herufi kubwa nene mwanzo mwisho, ndani ya fremu nyeusi. Macho huona sura ya herufi kabla ya kusoma neno.

1. Amua kadi iwe na sauti gani. Herufi zenye vijiguu kwenye ncha huleta heshima, maana tumezizoea kwenye vitabu na vyeti. Zisizo na vijiguu ni za kisasa, kavu kidogo. Za mwandiko wa mkono zina ukaribu. Comic Sans, aliyoibuni Vincent Connare wa Microsoft mwaka 1994, ina utoto wa vibonzo. Mwaka 2012 slaidi za CERN, kituo cha utafiti wa fizikia Ulaya, kuhusu chembe ya Higgs ziliandikwa kwa fonti hiyo, na watu wakajadili herufi badala ya fizikia!

2. Chagua fonti mbili, basi. Mimi huweka Great Vibes kwenye majina ya maharusi na Montserrat kwingine kote. Zote ni za bure kwenye tovuti ya Google Fonts. Ya tatu ni fujo.

3. Ijaribu kwa maneno yenyewe ya kadi. Hapa ndipo muda unapopotelea. Usiamini sampuli ya Kiingereza, andika majina halisi. Kiswahili kimejaa k, w na y, na kwenye fonti nyingi za mwandiko k hugeuka h: "Kaka" inasomeka "Kaha". Kisha angalia ng'. Baadhi ya fonti za mapambo hazina kabisa kile kialama cha juu, kwa hiyo programu inaazima cha fonti nyingine, nacho kinaonekana kama uchafu. Familia yenye jina la Kisukuma linaloanza na Ng'w haitakusamehe. Fonti ya mwandiko usiiandike kwa herufi kubwa tupu. Mikia yake inagongana na jina halisomeki.

Halafu namba ya kupokelea mchango. Georgia ni nzuri kwa aya, lakini tarakimu zake zinapanda na kushuka: 3, 4, 5, 7 na 9 zinazama chini ya mstari, na 0 inafanana na herufi o. Mchangiaji akikosea tarakimu moja, hela imeenda kwa mtu mwingine. Namba iandike kwa Montserrat, uiachie nafasi kila baada ya tarakimu tatu. Mwenye kadi aking'ang'ania Georgia, mwachie aya, namba usikubali.

4. Itazame kwenye simu. Kadi nyingi zinaishia WhatsApp.

5. Kwenye programu yako, geuza maandishi yawe maumbo (michoro isiyohitaji fonti) kabla ya kupeleka kuprinti. Kompyuta ya mchapaji isipokuwa na fonti yako, itaweka yake bila kukuuliza. Baki na nakala ambayo hujaigeuza, kwa sababu kamati itabadilisha ukumbi na maumbo hayahaririki kama maandishi.