Namna ya Kuandika Wasifu wa Kamaladevi Chattopadhyay

Usianze na tuzo za Kamaladevi, mwanamke wa India aliyepigania uhuru wa nchi yake na kutetea mafundi wa kazi za mikono. Anza Mangalore, mji wa kusini mwa India alikozaliwa mwaka 1903, na ueleze kwamba aliozwa na kufiwa na mume angali msichana, kisha akaolewa tena ilhali desturi ya tabaka lake ilimkataza mjane kufanya hivyo. Asiyejua hilo hataelewa ujasiri wake wa baadaye.

Uchaguzi wa baraza la kutunga sheria la jimbo la Madras wa mwaka 1926, aliogombea na kushindwa kwa kura chache, unatosha kwa aya moja fupi.

Mwaka 1930 ndio unaostahili kurasa nyingi. Gandhi alipokusudia kuongoza maandamano ya kupinga sheria ya chumvi na wanaume peke yao, Kamaladevi alimwendea akamsihi awaruhusu wanawake, naye baadaye akafungwa kwa kuuza Bombay chumvi iliyotengenezwa kinyume cha sheria hiyo. Eleza kwanza sheria ya chumvi yenyewe, yaani jinsi serikali ya Kiingereza ilivyohodhi na kutoza kodi kitu ambacho hata maskini hakuweza kukikosa, ndipo msomaji aone uzito wa kifungo hicho.

Baada ya 1947, mwaka India ilipopata uhuru, wengi huacha kuandika, na kwa maoni yangu hilo ni kosa kubwa. Fuatilia ushirika aliouanzisha uliowasaidia wakimbizi wa mgawanyiko wa India na Pakistan kujenga makazi Faridabad, karibu na Delhi, kisha bodi ya kazi za mikono aliyoiongoza kuanzia mwaka 1952, ambako alitetea wafumaji na wafinyanzi. Wataje mafundi hao kwa kazi zao.