Jumapili ya kwanza kanisani ugenini

Unasoma nje na unataka kwenda kanisa usilolijua? Fika dakika 15 kabla ibada haijaanza, wala usikae mbele. Kaa safu za katikati, ili uwaone wenzako wanaposimama, wanapopiga magoti na wanapoketi. Mlangoni mara nyingi hutolewa karatasi ya ibada. Ichukue, maana hata kama lugha bado inakupiga chenga utafuata kwa macho.

La kuulizia mapema ni meza ya Bwana, yaani komunyo. Kwa Wakatoliki na Waorthodoksi, komunyo kwa kawaida ni ya waumini wao. Makanisa mengi ya Kiprotestanti humkaribisha kila aliyebatizwa. Mwulize mhudumu wa mlangoni kwa sauti ya chini: "Mimi ni mgeni, nifanyeje?" Ukibaki umeketi wenzako wakienda kupokea, si kosa hata kidogo. Kwa Waorthodoksi vaa viatu vya kustahimili kusimama muda mrefu.

Na ibada ikiisha, tafadhali usikimbie. Mimi ni pale kwenye chai ya baada ya ibada alikonijia mama mmoja, akaniuliza jina, akalirudia mara tatu mpaka akalitamka sawasawa. Jumapili iliyofuata alikuwa amenishikia nafasi pembeni yake.