Stika mpya sio sevisi: jinsi ya kukagua mtungi wa kuzimia moto

Wengi wetu hapa Kigoma mtungi wa kuzimia moto tunanunua ili trafiki asitusumbue njiani au mkaguzi wa Zimamoto akija dukani akute kitu kimening'inia ukutani, baada ya hapo unakula vumbi tu mwaka mzima. Halafu anapita jamaa na begi la stika, anapangusa kidogo, anabandika, anachukua hela yake anasepa, na we unaamini umefanyiwa sevisi. Kubandika stika ni dakika moja, kwa hiyo jifunze kuukagua mwenyewe na ujue cha kumuuliza fundi.

Ukaguzi wa kila mwezi ni wako, hauhitaji fundi wala hela. Ule mtungi mwekundu wa unga ambao ndo umejaa madukani na kwenye magari una geji, mshale uwe kwenye kijani. Ukishuka kwenye nyekundu gesi inayosukuma unga imevuja, ukizidi upande wa pili presha imepitiliza, yote mawili peleka kwa fundi. Cheki pini ipo na sili yake ya plastiki haijakatika, kama imekatika kuna mtu kaubonyeza au watoto wamechezea. Angalia kutu hasa chini kwenye kitako, maana mitungi mingi huku mwaloni inawekwa chini kwenye sakafu yenye maji, na kutu ya kitako huioni mpaka uugeuze. Tundika ukutani bana, mkono wake usizidi kama mita moja na nusu toka chini ili hata mtu mfupi aufikie, na usiufiche nyuma ya magunia. Hozi nayo ichungulie mdomoni, nyigu wanapenda sana kujenga na udongo humo ndani, ukija kubonyeza siku ya moto hakitoki kitu.

Sasa geji kuwa kwenye kijani haimaanishi unga uko sawa, geji inasoma presha tu. Kwenye boti za Kibirizi na kwenye daladala mtungi unatikisika kutwa nzima, unga unashuka unashindiliwa chini unakuwa mgumu, gesi inatoka yenyewe unga unabaki. Ugeuze kichwa chini miguu juu, subiri kidogo, utasikia unga unateremka ndani. Usiposikia kitu gonga kitako taratibu na kiganja au nyundo ya mpira, ukigoma kabisa ujue umeshikana, huo ni wa kubadilishwa unga.

Ule wa gesi ya kaboni dayoksaidi, wenye koni nyeusi kubwa, wa kwenye maofisi yenye kompyuta na kwenye vyumba vya umeme, hauna geji kwa hiyo mtu anaangalia nini sasa? Mizani. Shingoni umepigwa chapa ya uzito wa mtungi mtupu, jumlisha na gesi ndo upate uzito unaotakiwa. Tuseme mtupu ni kilo 9.8 na gesi kilo 5, jumla 14.8, ukipima ukapata 14.2 ujue zimepungua gramu 600, na ikipungua zaidi ya asilimia 10 ya gesi (hapo ni gramu 500) unajazwa upya. Mizani nzuri ya pale sokoni Mwanga inatosha kabisa, ila upime kabla hawajaanza dagaa. Na siku ya kuutumia usishike ile koni kwa mkono mtupu, inapoa vibaya mno mpaka inaunguza ngozi.

Kitu kimoja watu wanabisha sana: usibonyeze kujaribu, hata kidogo tu. Ukibonyeza ule wa unga chembe zinakaa kwenye valvu, haifungi vizuri tena, presha inavuja taratibu na baada ya muda geji iko sifuri. Uliotumika hata nusu sekunde ni wa kujazwa.

Fundi unamwita mara moja kwa mwaka. Ule wa unga muulize anaujazia presha kwa nini, jibu sahihi ni gesi ya naitrojeni kavu. Akikwambia kompresa ile ya kujazia matairi mwache hapohapo, upepo ule una unyevu na unyevu ndo unaogandisha unga. Muulize pia anaweka unga gani, usomeke sawa na maandishi ya kwenye mtungi, maana ule wa aina ya ABC ukichanganywa na ule wa BC (herufi hizo zinaonyesha aina za moto unaouzima) vinafanyiana kazi ndani, unga unashikana na presha inaweza kupanda. Kwa utaratibu wa Marekani mtungi wa unga unafunguliwa ndani kila miaka 6 na kupimwa kwa presha ya maji kila miaka 12, wa kaboni dayoksaidi unapimwa kila miaka 5, kwa hiyo angalia mwaka uliopigwa chapa kabla hujakubali kuletewa "mpya" ya mtumba. Akiufungua simama pembeni uone, na wakati wako uko kwake akuachie wa akiba.

Mkongwe uliokataliwa usimpe mtu wa skrepa hivihivi, mtungi wenye presha ukipitishwa grainda unaruka. Fundi autoe gesi yote kwanza, ang'oe valvu, ndo uuze chuma.