Tovuti ya Biashara Inayoenea Kwenye Simu: Mwongozo kwa Wafanyabiashara wa Bagamoyo

Mgeni anaposhuka kituo cha mabasi cha Bagamoyo akiwa na begi mgongoni, hawashi kompyuta kutafuta pa kulala. Hutoa simu, na baada ya dakika chache ameshaamua ampigie nani. Ikiwa tovuti yako ilitengenezwa kwa ajili ya kioo kipana peke yake, atakutana na maandishi madogo kama mbegu za mchicha, na kabla hajamaliza kuyavuta huku na huku atakuwa amehamia kwa jirani yako.

Dawa yake inajulikana tangu mwaka 2010, pale mbunifu Mmarekani Ethan Marcotte alipoeleza namna ya kutengeneza ukurasa mmoja unaojipanga upya kulingana na upana wa kioo, badala ya kuwa na tovuti mbili, moja ya simu na nyingine ya kompyuta, ambazo bei zake hazikawii kupishana.

Anza kwa kuikagua tovuti uliyonayo. Azima simu ya bei nafuu, tumia bando la kawaida, kisha simama nje kwenye jua la saa saba mchana uifungue. Maandishi ya kijivu yaliyopendeza ofisini hayasomeki hapo. Tazama hasa jedwali la bei, kwa kuwa ndipo hasara inapojificha: katika tovuti ya nyumba moja ya wageni niliyoitwa kuirekebisha, jedwali lilikuwa na safu nne, na ile ya mwisho, yenye bei kwa shilingi, ilikatika nje ya kioo cha simu, hivyo mgeni aliona aina ya chumba, idadi ya vitanda na kama kuna feni, asijue atalipa kiasi gani. Tuliliondoa jedwali, tukakipa kila chumba kisanduku chake, bei ikakaa juu kwa herufi nene.

Fundi akianza kazi, mwambie apange kwanza ukurasa wa upana wa pikseli 360 (pikseli ni kipimo cha upana wa kioo), ambao ni wa simu nyingi za Android, ndipo aupanue kwa ajili ya kompyuta. Nafasi ikiwa finyu, mtu hulazimika kuchagua lililo muhimu: jina, bei, mahali, na namba ya simu inayopiga yenyewe ikiguswa. Ahakikishe pia kwamba msimbo, yaani maagizo ya kompyuta yanayoijenga tovuti, una agizo la «width=device-width»; likikosekana, simu huuchukulia ukurasa kama wa kompyuta na kuufinya wote.

Picha za ufukweni au za magofu ya Kaole zibanwe kabla ya kupakiwa, kwa maana picha ya megabaiti tano ni bando la mteja linaloteketea. Vitufe viwe na ukubwa wa kidole gumba na viachane.

Jambo hili linagusa pia kuonekana kwako: Oktoba 2023 Google ilitangaza kukamilisha uhamisho wa kuzisoma tovuti kwanza kwa sura yake ya simu, kwa hiyo habari isiyokuwamo katika sura hiyo ni vigumu kuhesabiwa katika matokeo ya utafutaji.

Usimmalizie fundi malipo yake kabla hujaifungua tovuti kwenye simu tatu tofauti, ukaomba chumba au ukaagiza bidhaa mwenyewe, na ujumbe ukakufikia.