Kumwaga maji ya tangi za upepo kwenye M35A2, na jinsi ya kuhamisha koki

Kama umenunua M35A2, lile lori la jeshi la Marekani la tani mbili na nusu, usianze na rangi wala taa, ingia chini ufungue koki za tangi za upepo uone kinatoka nini. Langu liko Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani lenye baridi kali. Koki ya kwanza niliyofungua ilikaa kimya nikadhani tangi halina kitu, kumbe tundu limeziba, nikachokoa na kawaya huku presha imejaa (usifanye hivyo) nikapigwa usoni na uji wa rangi ya chai ya maziwa. Sasa navaa miwani.

Huo uji ni maji na oili. Kompresa inavuta hewa yenye unyevu, inaibana inapata moto, ikifika tangini inapoa na maji yanakaa chini. Oili kidogo kawaida, ikizidi kompresa imechoka. Ukiona magamba ya kutu ujue tangi linaliwa kwa ndani, tafuta lingine, mambo ya kuchomelea tangi la presha achana nayo.

Hizi gari breki zake ni za oili, upepo unasaidia kusukuma tu, ndo maana wengine wanazembea. Lakini maji yakifika kwenye busta (kile kifaa kinachotumia upepo kukusaidia kusukuma breki) huko yanakula, na baridi ikiingia yanaganda na unabaki na pedali ngumu kama jiwe.

Kumwaga kwenyewe ni rahisi. Simamisha pahali tambarare, vuta handbreki na uweke kabari kwenye matairi mbele na nyuma, maana handbreki ya hii gari inashika shafti, haishiki magurudumu, mimi siiamini peke yake. Fungua koki polepole ukiwa pembeni, uache mpaka itoke hewa kavu, halafu tangi linalofuata. Fanya hivyo ukimaliza safari, usingoje asubuhi, usiku wa baridi yale maji ni barafu tayari. Kama koki imeziba, maliza upepo wote kwanza, geji isome sifuri, ndo uifungue yote uisafishe.

Sasa kuhamisha koki, ili usiwe unalala chini ya gari kila ukitaka kumwaga. Watu wengi wanafunga zile valvu za kuvuta kwa kawaya, bei rahisi na ni nzuri barabarani. Porini hapana. Mimi niliacha kawaya inaning'inia, kisiki kikaivuta, nikashtuka baza ya kuonya upepo umepungua inalia katikati ya matope na sijui upepo unaenda wapi. Ukiitumia, ifunge kawaya vizuri kwenye chesisi na ubakishe pete tu ya kushika.

Mimi nimeweka elbo (kiungo cha kona) chini ya tangi, paipu ya nailoni ya breki (ile yenyewe, sio ya maji ya bustani), na koki kwenye ukingo wa chesisi. Hapa ndo wengi wanakosea: wanapandisha koki juu ili isiguswe na mawe. Presha itasukuma maji yatoke, sawa, ila ukifunga yanayobaki yanarudi kwenye kona ya chini ya paipu, yanaganda, na kesho koki haitoi kitu unafikiri tangi ni kavu. Paipu lazima iteremke mwanzo mpaka mwisho hata kama ni kidogo tu. Ipitishe mbali na egzosi, ishike na klipu, na nyuzi zote za fitingi uzungushie tepu, ila uache uzi wa kwanza wazi ili vipande vya tepu visiingie kwenye mfumo.

Ukimaliza jaza upepo, paka povu la sabuni kila fitingi, halafu zima injini uangalie geji kwa muda. Tangi langu moja sikuliweza, liko chini sana na paipu haipati mteremko, hilo nimeliachia koki yake ya zamani na bado nalala kwenye theluji kuifungua.