Kupanga Safari ya Kambi ya Kikundi katika Makorongo ya Utah

Kwenye ramani, hifadhi za taifa za Utah, Marekani, yaani Zion, Bryce Canyon, Capitol Reef, Arches na Canyonlands, huonekana kama majirani, na ndiyo maana vikundi vingi hutaka kuzimaliza zote kwa wiki moja, jambo ambalo silishauri hata kidogo. Barabara za kusini mwa Utah huzunguka makorongo badala ya kuyakata, na kikundi cha watu kumi hupoteza nusu siku kila kinapong'oa mahema na kuyasimika kwingine. Kwa siku kumi, kambi tatu zinatosha: ya kwanza Zion, ya pili Fruita, ndani ya Capitol Reef, mkipitia Bryce Canyon njiani, na ya tatu karibu na mji wa Moab, ambako Arches na Canyonlands zote hufikika kwa gari. Grand Canyon iko Arizona, na ni afadhali iwekewe safari yake.

Nafasi za kambi huwekwa mapema kupitia tovuti ya Recreation.gov, na anayepewa kazi hiyo atafute viwanja vya vikundi, kwa sababu kiwanja cha kawaida kina kikomo cha watu na magari. Kambi ya Willow Flat huko Canyonlands ina mandhari ya kuvutia, lakini ina viwanja 12 tu visivyowekwa mapema, wala haina maji, kwa hiyo haifai kutegemewa na kikundi. Wanaotaka kupanda kilele cha mwamba cha Angels Landing huko Zion wanahitaji kibali, utaratibu ulioanza mwaka 2022; na kwa sehemu kubwa ya mwaka magari binafsi hayaruhusiwi kuingia katika korongo kuu la Zion, bali watu hupanda basi la hifadhi.

Maji yawe na msimamizi wake. Kiasi cha kuanzia ni lita 4 za kunywa kwa kila mtu kwa siku, mbali na ya kupikia na kuoshea, yaani watu kumi wanahitaji lita 40 kila siku. Yagawanywe katika madumu kadhaa na katika magari yote, ili dumu moja likipasuka au gari moja likikwama, wengine wasibaki na kiu. Pamoja na maji, kila mtu ale vitu vyenye chumvi, kwani anayetoka jasho siku nzima na kunywa maji matupu anaweza kuugua vilevile. Joto la mchana lisiwafanye msahau nguo nzito: ukingo wa Bryce Canyon uko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mwezi Mei huko unaweza kuleta barafu.

Hatari ninayomwomba kila kiongozi aipe uzito kuliko zote ni mafuriko ya ghafla, hasa kuanzia Julai hadi Septemba. Mvua inayoua huweza kunyesha mbali sana na mahali mlipo, huku anga juu yenu likiwa jeupe. Ndivyo ilivyokuwa Agosti 1997 katika Antelope Canyon, Arizona, walipokufa watu 11. Na Septemba 2015 watu saba walifia katika korongo jembamba la Keyhole, ndani ya Zion. Asubuhi ya kila safari, ulizeni kituo cha wageni kuhusu utabiri wa mafuriko wa siku hiyo, na mkubaliane tangu mwanzo kwamba mashaka ya mtu mmoja yanatosha kuahirisha. Mkiwa ndani ya korongo, maji yaliyokuwa maangavu yakigeuka ya tope, au vijiti na majani vikianza kuelea, au mngurumo ukisikika kutoka juu, pandeni mara moja mahali palipoinuka. Msijaribu kuyakimbia maji kwa kushuka nayo.

Huko Moab, mtaona udongo mweusi wenye vinundu kando ya njia. Ni tabaka hai la vijidudu linaloushika mchanga usipeperuke, na unyayo mmoja huacha jeraha la miaka mingi, kwa hiyo kikundi kitembee kwa mstari mmoja njiani, juu ya mwamba, au katika mkondo mkavu wa mchanga. Hata kwenda kujisaidia usiku, mtu awe na tochi na afuate njia.